Jibu la mtaalamu: Trauti nimemwachilia, akaogelea akaenda zake. Kwa nini niache kuvua?

Swali: "Kila majira ya joto mimi huvua trauti, samaki wa maji baridi, kwa mshipi na inzi bandia, na sijaua hata mmoja kwa makusudi. Wote nawarudisha mtoni. Mwaka huu mto umepungua, na mwenzangu ameniambia nisivue kabisa maji yakifika nyuzi 20 za Selsiasi. Juzi alasiri nilipima nikapata nyuzi 21. Siku hiyo nilipata samaki 12, na wote waliogelea wakaenda zao. Kama wanakula chambo na wanaondoka wazima, nawadhuru nini? Mto haujafungwa na mamlaka yoyote. Na nikivua asubuhi tu, haitoshi? Wiki ijayo mimi na shemeji yangu tuna safari ya siku tatu tuliyoipanga tangu mwanzo wa mwaka."

Jibu:

Ndugu yangu, kwanza asante kwa kupima. Wengi wanaoniuliza jambo hili hawajawahi kutumbukiza kipimajoto mtoni; wanakisia kwa miguu. Wewe umeleta namba, nami nitakujibu kwa namba. Maji yakiwa nyuzi 21 ilifaa ukunje mshipi. Mwenzako amekuambia kweli, na mimi wasiwasi wangu huanza hata kabla ya hapo, maji yanapopita nyuzi 18. Kuvua asubuhi tu kunatosha kwa mito fulani na siku fulani, na nitakueleza jinsi ya kuzitambua. Lakini nianze na lile linalokusumbua zaidi: samaki kaondoka mzima, sasa madhara yako wapi?

Trauti hana joto lake mwenyewe. Joto la maji ndilo joto la damu yake. Maji yakiwa nyuzi 12, moyo wake, misuli yake na tumbo lake vinakwenda taratibu. Yakipanda hadi 22, kila kitu ndani yake kinakwenda mbio, na oksijeni anayoihitaji hata akiwa ametulia tu nyuma ya jiwe inakaribia kuwa maradufu. Wakati huohuo maji yanamnyima. Maji baridi hushika oksijeni, maji ya moto huiachia. Kwenye usawa wa bahari, lita moja ya maji ya mto yenye nyuzi 10 inaweza kubeba miligramu 11.3 hivi za oksijeni. Kwenye nyuzi 20 ni 9.1, na kwenye 25 ni 8.3. Mito mingi ya trauti iko milimani ambako hewa ni nyepesi, kwa hiyo hata namba hizo hupungua: ukifika mwinuko wa mita 2,000, toa karibu moja ya tano.

Unaweza kusema kutoka 11 hadi 9 si kitu. Basi linganisha na unachovuta wewe. Lita moja ya hewa inayoingia puani mwako ina oksijeni zaidi ya miligramu 250. Trauti, hata katika siku njema kabisa, anaishi kwa sehemu ndogo mno ya hiyo, na anaipata kwa kupitisha maji mengi kwenye matamvua, viungo vyake vya kupumulia, bila kupumzika usiku wala mchana. Mwongezee mahitaji na umpunguzie riziki kwa pamoja, na kinachobaki katikati ni kidogo. Katika kidogo hicho ndimo anamokula, anamoshindana na mkondo, anamomkimbia fisi-maji, na anamopambana na mshipi wako.

Sasa mfikirie akiwa kwenye ndoana. Ile misuli myeupe inayomrusha juu ya maji na kumpeleka mbio chini ya mto haingoji oksijeni. Inachoma akiba ya sukari iliyomo ndani yake yenyewe, na taka ya moto huo ni asidi. Dakika chache za kuvutana zinatosha kuimaliza akiba ile na kuiharibu damu. Pambano likiisha, samaki ana deni, na deni lenyewe hulipwa kwa oksijeni, kwa muda wa saa nyingi. Katika maji ya nyuzi 11 analipa polepole huku anapumua vizuri. Katika maji ya nyuzi 22 anadaiwa na mwili unaokwenda mbio, na anachopewa na mto ni pungufu.

Kisha tunamtoa nje tumpige picha. Matamvua ni nyuzi nyekundu laini zilizopangwa karibu karibu, na maji ndiyo yanayozitenganisha. Nje ya maji hushikana kama kurasa za kitabu kilicholowa, na hewa yote hiyo iliyomzunguka haimfai kitu. Mwaka 1992 watafiti wawili, Ferguson na Tufts, walichapisha jaribio la trauti wa upinde wa mvua, aina mojawapo ya trauti. Waliwachosha hadi nguvu zikaisha, kisha wakawafuatilia kwa saa 12. Walioachwa majini walikufa 12 kwa kila 100. Waliotolewa nje kwa sekunde 30 walikufa 38 kwa kila 100, na waliokaa nje sekunde 60 walikufa 72. Hao walikuwa samaki wa matangini waliochoshwa kupita kawaida, kwa hiyo sidai kwamba mtoni itakuwa vilevile. Lakini tangu niisome kazi hiyo sijamwinua trauti nje ya maji kwa ajili ya kamera, kiangazi wala masika.

Sasa turudi kwa wale 12 wako walioogelea wakaenda zao. Nikusimulie wangu mmoja.

Nilikuwa bado mwanafunzi. Alasiri moja ya joto kali nilimnasa trauti wa kahawia mwenye urefu wa kutoka kiwiko changu hadi ncha ya kidole. Nilifanya yote niliyofundishwa. Nililowesha mikono, nikamtoa ndoana akiwa majini, nikamshika mkia kwa mkono mmoja na mwingine nikauweka chini ya tumbo, uso wake ukielekea mkondo. Nilikaa naye hivyo kwa dakika kadhaa. Vifuniko vya matamvua vilikuwa vinafunguka wazi kabisa, haraka haraka, kama mtu aliyepanda mlima akibeba mzigo. Halafu nikahisi mkia unakakamaa kiganjani, akajipinda, akanirushia maji usoni, akaondoka. Nilifurahi. Nilikaa kivulini kula nilichobeba, kisha nikateremka na mto. Hatua kama mia moja chini nilimkuta amekwama kati ya mawe mawili, kalala ubavu, tumbo jeupe juu, matamvua yakifunguka mara moja, yakikaa, yakifunguka tena. Alama ya ndoana yangu ilikuwa pembeni mwa mdomo. Nilimgeuza, nikamshika tena kwenye mkondo hadi vidole vikafa ganzi. Hakurudi.

Kile kishindo cha mkia nilichokihisi kilikuwa nguvu ya mwisho ya misuli, na nguvu hiyo haihesabiki kuwa dalili ya kupona. Samaki aliyevurugika damu anaweza kuogelea mita 20 akafika mahali pa kujificha, na akafia hapo baada ya saa tatu, au usiku, au kesho yake. Nami nilimwona wangu kwa bahati tu, kwa sababu mawe yalimzuia. Wengi huzama, husukumwa chini ya kingo, huliwa na ndege, fisi-maji na kamba wa mtoni. Ndiyo maana mtu anaweza kuvua kiangazi chote na akaapa kwa moyo safi kwamba hajaua hata mmoja.

Ni wangapi hasa? Watafiti waliofanya kazi kwenye mito ya Gallatin na Smith huko Montana, Marekani, waliwafuatilia samaki walionaswa na kuachiliwa katika majira ya joto. Joto la juu la siku lilipofika nyuzi 23 na kupita, trauti wa upinde wa mvua walikufa hadi 16 kwa kila 100 katika Gallatin, na 9 katika Smith. Trauti wa kahawia walistahimili zaidi, vifo vyao havikufika 5 kwa kila 100. Ziweke namba hizo kando ya nyingine: kwenye Mto Yellowstone, ndani ya hifadhi yenye maji baridi, utafiti uliochapishwa mwaka 1986 ulikadiria kwamba trauti mmoja wa asili ya pale alinaswa karibu mara 10 katika msimu mmoja, na kila unaswaji uliua chini ya samaki 1 katika 100. Mara 10! Kuachilia kunafanya kazi, tena vizuri mno, maji yakiwa baridi. Utaratibu ni uleule na mikono ni ileile. Joto ndilo linalobadilisha matokeo.

Kwa hiyo sikwambii kwamba uliwaua wote 12. Yaelekea wengi wako hai. Huenda mmoja hayupo. Ila hukuwa peke yako mtoni, na siku hiyo haikuwa ya pekee. Mto uliopungua una samaki walewale katika mashimo machache yenye kina, kila mvuvi anayefika anawafikia walewale, na yule aliyeanza kulipa deni lake asubuhi ananaswa tena alasiri kabla hajamaliza. Ukitaka kumla samaki mmoja pale sheria inaporuhusu, hilo nalielewa kuliko kumwua kwa picha na kumwacha aoze chini ya jiwe.

Umeuliza pia mbona wanakula chambo. Mwili unaokwenda mbio unahitaji chakula kingi zaidi, na trauti atajaribu kujilisha karibu hadi mwisho wa uwezo wake. Mdudu akipita mbele ya pua atamdaka. Hiyo ni njaa, usiichukulie kuwa ni nguvu.

Namba zangu ni hizi. Kati ya nyuzi 10 na 16 trauti yuko nyumbani. Vua kwa amani. Kuanzia 18 ujue nafasi yake imeanza kubana: vua kwa uangalifu nitakaoueleza hapa chini, na usivue kwa muda mrefu. Nyuzi 20 acha, bila kujadiliana na nafsi yako. Kuna watakaokwambia kwamba trauti wa upinde wa mvua na wa kahawia huvumilia hadi 24 au 25, na ni kweli kwamba kifo cha joto lenyewe, bila mvuvi, huja karibu na hapo. Lakini hapo ni pale samaki anapokufa akiwa ametulia. Sisi tunamwomba akimbie mbio za mwisho wa uwezo wake kisha apone, na uwezo huo humwisha nyuzi kadhaa mapema. Na yule trauti wa vijito, mwenye madoa mekundu yaliyozungukwa na samawati, hupenda maji baridi kuliko hao wawili. Kwake mimi huacha nyuzi 18.

Sasa suala la asubuhi. Mto hupata joto na kupoa kila siku kama jiwe la uani, ila huchelewa. Huwa baridi kuliko wakati wote alfajiri hadi muda mfupi baada ya jua kuchomoza, na hufika kilele kati ya saa tisa alasiri na saa kumi na mbili jioni. Montana wana amri wanayoiita kwa jina la bundi: mto ukifikia nyuzi 22.8, yaani 73 kwa kipimo chao cha Farenhaiti, kwa siku tatu mfululizo, uvuvi unaweza kufungwa kuanzia saa nane mchana hadi saa sita usiku. Jina limetoka kwa wakata magogo wa zamani, ambao msitu ukikauka walianza kazi alfajiri na mapema kwa kuogopa moto, na saa hizo walisikia bundi. Mpango wenyewe naupenda, kwa sababu unafuata mwendo wa maji. Kiwango chao, kwa maoni yangu, kiko juu mno. Amri ya serikali lazima ipatane na watu wengi. Wewe peke yako unaweza kusimama mapema zaidi.

Angalia kwamba amri hiyo inafunga jioni na kuacha asubuhi. Wavuvi wengi hufanya kinyume. Jua likizama, upepo ukipoa, mtu huvaa koti akasema sasa kumetulia, akaingia mtoni saa moja jioni. Hewa imepoa, mto bado. Nimewahi kupima saa mbili usiku nikakuta maji yameshuka nyuzi moja tu kutoka kilele cha mchana. Usiku unaanza kumsaidia trauti baadaye sana, na ndio muda wake wa kulipa madeni ya mchana. Tukimfuata jioni tunamwibia muda huo.

Asubuhi yenyewe ina masharti. Kitu cha kutazama zaidi ni maji yameshuka hadi wapi usiku. Yakiwa 22 mchana na 14 alfajiri, samaki wamepata saa kadhaa za kupumua, na ukivua kuanzia mapambazuko hadi kipimajoto kinaposoma 18 hujawaonea. Yakiwa 22 mchana na 19 alfajiri, hawajapumzika kabisa, wamechoka tangu jana na juzi, na hapo hata saa kumi na moja alfajiri sivui. Sharti la pili ni kwa mito inayokwenda polepole yenye majani mengi ya majini. Mimea hiyo hutoa oksijeni mchana, na usiku huivuta kama sisi, kwa hiyo alfajiri, maji yakiwa baridi kabisa, oksijeni nayo huwa imefika chini kabisa. Kwenye mto wa aina hiyo asubuhi ya mapema si salama kama inavyoonekana. Nenda kwenye mto unaoruka juu ya mawe.

Kupima ni rahisi, ila kuna mahali pa kukosea. Funga kipimajoto kwa uzi wenye urefu wa mkono. Usipime ukingoni penye jua na maji yaliyosimama, maana utapata namba kubwa kuliko ya mto, wala usipime mbele ya chemchemi, utapata ndogo. Simama pale mkondo mkuu unapopita, mwili wako ukikiziba jua, kizamishe hadi karibu na kokoto, hesabu dakika mbili, kisome kikiwa bado ndani ya maji. Ukikitoa kwanza, hewa ya alasiri inakipandisha mbele ya macho yako. Pima unapofika, kisha kila nusu saa. Siku ya jua kali, mto mwembamba unaweza kupanda nyuzi moja kwa saa moja, na mtu aliyepima alfajiri tu hujikuta saa nne anavua kwenye 20 hali moyoni anaamini ni 17.

Nije sasa kwenye jambo linaloniuma kuliko yote. Maji yakiwa ya moto, trauti hawatawanyiki. Huhamia panapotoka baridi. Kinywa cha kijito kinachoteremka kutoka kwenye kivuli, chemchemi inayobubujika chini ya mchanga, shimo refu lenye maji yanayotoka ardhini. Utaona sehemu ya mto iko tupu kwa mamia ya mita, halafu kwenye utando mmoja wa maji baridi, pengine usiozidi upana wa meza, kuna samaki thelathini au arobaini wamepangana vichwa mbele, mkia kwa mkia, wakubwa kwa wadogo, hawapigani ingawa siku nyingine wangefukuzana. Mvuvi akiwaona hivyo hudhani amejaliwa. Pale ni wodi ya wagonjwa. Ukimnasa mmoja, pambano linampeleka kwenye maji ya moto, na hata asiponaswa, kivuli chako na miguu yako vinawatimua wote kutoka mahali pa pekee walipobakiwa napo. Ukipakuta, rudi nyuma taratibu. Usimwoneshe kila mtu. Hata kuvuka kwa miguu hapo ni kosa.

Mabwawa na maziwa nitayapitia kwa kifupi. Chini ya bwawa linalotoa maji kutoka kina chake, mto unaweza kubaki baridi kiangazi kizima kwa kilomita kadhaa. Pima, na kipimajoto kikiruhusu, vua. Kwenye ziwa, tabaka la juu huwa la moto na trauti hukaa chini kwenye baridi. Ukimvuta kutoka huko unampitisha kwenye joto akiwa amechoka, na ukimwachilia juu lazima ashuke mwenyewe. Kipimo cha uso wa ziwa kikiwa zaidi ya 20, mimi sivui nikikusudia kuachilia.

Umesema mto haujafungwa. Mamlaka hufunga mto baada ya kukusanya vipimo na kupata idhini, na mara nyingi joto limeshafanya kazi yake. Mwaka 2016, mwezi Agosti, Montana ilifunga karibu kilomita 295 za Mto Yellowstone na vijito vinavyouingia baada ya samaki kwa maelfu kufa, wengi wao wa jamii ya wayitifishi wa milimani, ndugu wa trauti. Kimelea cha figo ndicho kilichowaua, na maji ya moto yaliyopungua ndiyo yaliyowadhoofisha hadi kimelea kikapata nguvu. Samaki aliyechoka na joto haugui jambo moja. Ngozi iliyofutwa ute na kiganja kikavu, ambayo katika maji baridi ingepona, katika maji ya moto hushikwa na ukungu. Mvuvi aliye ukingoni na kipimajoto mkononi huyajua haya siku kadhaa kabla ya ofisi yoyote, na hahitaji amri ili aondoke.

Maji yakiwa kati ya 18 na 20 na umeamua kuvua kidogo asubuhi, tumia mshipi wenye nguvu kuliko unavyopenda, umlete haraka. Mshipi mwembamba unaorefusha pambano humlipisha yeye. Bana kwa koleo kile kijino cha nyuma cha ndoana ili itoke kwa mguso mmoja. Wavu uwe wa mpira, usiomkwaruza ute. Mwache ndani ya maji muda wote, mfungue hapohapo. Ndoana ikiwa imeingia kooni, kata uzi uiache. Akihitaji kushikwa, mwelekeze kwenye mkondo na umtulize tu. Ile tabia ya kumsukuma mbele na nyuma kama pampu iache, maana maji yakipita kinyume hayamsaidii. Ukimwona mmoja tu anayelala ubavu, funga kazi siku hiyo, kipimajoto kiseme kisemavyo. Na hata wote wakiondoka vizuri, mimi huishia samaki wawili au watatu.

Kuhusu safari yenu, msiivunje. Ibadilisheni. Kama mnaweza kupanda juu zaidi, fuateni vijito vyenye kivuli na mito inayolishwa na maji ya ardhini, ambayo hukaa karibu na joto moja mwaka mzima. Kama hamwezi, siku moja tafuteni samaki wanaopenda maji ya moto, kama kambare na besi. Hao joto hilo kwao ni la kawaida, na shemeji yako hatakosa kitu cha kuvuta. Siku nyingine tembeeni na mto mikono mitupu. Mchukue kipimajoto na daftari, mpime kila kijito kinachoingia, muandike ni kipi kiko chini ya nyuzi 15 na mahali kilipo. Ukirudi kuvua mwezi mwingine utakuwa unajua mto wako kuliko mtu yeyote anayeuvua, na ukiambiwa kwamba ng'ombe wanakanyaga chemchemi fulani au miti ya kivuli inakatwa ukingoni, utakuwa na ushahidi wa kupeleka mbele.

Asubuhi ya kwanza, kabla hamjafunga ndoana, pimeni maji kabla jua halijachomoza. Ikisoma 16 au chini, vueni hadi ifike 18, mkipima kila nusu saa, na mtoke. Ikisoma 19, acheni fimbo garini kwa siku zote tatu, mpime tena kila alfajiri na kuandika. Mvua ikinyesha milimani au usiku ukianza kupoa, utaiona kwenye daftari namba ikishuka: 19, 17, 15. Ikikaa 15 kwa alfajiri tatu au nne mfululizo, angalia namba ya mchana pia, na kama kilele hakivuki 19, mwite shemeji mrudi.